Hiyo Si ya Kuuza

Dunmore, Nebraska
4 Februari 1974

Mdogo wangu Lyle,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya Mungu, mbele ya wakili na mbele ya mbwa, natangaza rasmi kwamba kikombe cha baba cha kunyolea ndevu kimekwisha kugawanywa kwa haki baina ya warithi wake wawili. Kilianguka kwenye sinki Jumanne kikapasuka katikati. Wewe umepata upande wenye mkono.

Mengine yamekwisha vivyo hivyo, bila kelele. Benki imechukua chake, kilichobaki cha ranchi kimeandikwa kwa jina langu, na wewe ulisema huna neno. Imebaki bastola. Wakili alinisomea wosia ofisini kwake, sentensi ndefu ndefu za "kama ilivyotajwa hapo juu", mpaka akafika kwenye bastola. Akavua miwani.

"Bi. Verla, hapa marehemu ameandika, 'Bastola: kama pai.' Huyo Pai ni nani?"

Nikamweleza kwamba si mtu, ni pai ya kula, ile ya mama ya matunda: mezani kwetu mmoja aliikata, mwingine akachagua kipande. Akaniangalia kama mtu anayejuta ada aliyolipa chuo.

Basi ndivyo ilivyo. Mimi mkubwa, mimi nakata: nitataja bei ya haki. Wewe mdogo, utachagua: ama uichukue bastola unipe nusu ya bei, ama uniachie bastola nikupe nusu. Nikitaja bei ya juu mno utanikamua. Nikitaja ya chini mno utaibeba kwa bei ya kuku. Baba alikuwa na maneno kumi na mawili duniani, manane ya ng'ombe, lakini hayo yaliyobaki alijua pa kuyaweka.

Iko hapa mezani, ndani ya kile kitambaa chake chenye herufi K iliyodariziwa kwa uzi mwekundu. Sijaifungua. Usipige simu, kwenye simu tunalipia kunyamaza. Baridi ni kali, maji ya ng'ombe yameganda. Nakula vizuri.

Dada yako,
Verla


Tacoma, Washington
13 Februari 1974

Dada Verla,

Barua imefika. Upande wenye mkono naupokea. Utume ukipata nafasi, nitakuwa nanyoa nusu ya uso.

Kuhusu kukata, usinichekeshe. Ulikuwa unageuza sahani. Ulikuwa unakata kipande kimoja kinene, halafu unakielekeza upande wako kwa sababu ulijua mimi navuta cha karibu. Mama alikuwa anaona, anacheka ndani ya aproni. Safari hii nitaizunguka meza kwanza.

Bei siijui, usiniulize. Najua kitu kimoja tu. Mwaka ule wa ukame, yule mchuuzi wa vitu vya kale mwenye gari la buluu alimwekea baba dola hamsini taslimu juu ya uzio kwa ajili ya bastola ile. Baba akasema, "Hiyo si ya kuuza." Wiki iliyofuata kinanda cha mama kikapakiwa kwenye lori. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi mpaka vumbi likatulia. Hakusema kitu, na baba hakusema kitu, na mimi nikala chakula cha mchana.

Kwa hiyo kata vizuri. Kama aliipenda kuliko kinanda, angalau tujue kilikuwa kitu cha bei gani.

Kiwandani tumegoma, wiki ya tatu sasa. Sina shida. Hapa ni mvua.

Lyle


[Kadi ya posta, picha ya mnara wa maji]
Dunmore, 20 Februari

Lyle, nimeipeleka kwa mthamini wa silaha kuukuu, Bw. Floyd Anselm, Grand Island. Watu wanasema hana urafiki na mtu, ndiyo maana nimemchagua. Mbwa anakohoa.
V.


Grand Island, Nebraska
4 Machi 1974

Bi. Haskett,

Mzigo umefika salama. Kwanza nakushukuru kwa kutoing'arisha. Watu huniletea vitu walivyovisugua mpaka vinamemeta kama vijiko vya harusi, halafu wananiuliza mbona bei imekufa.

Ni bastola ya silinda, ya risasi sita, ya miaka ya 1880 na kitu. Namba zilizogongwa kwenye fremu na kwenye silinda zinalingana. Mbao za mpini si za asili, ila nazo ni za zamani. Kutu ni ya kawaida ya umri wake, haizidi ile ya goti langu. Kuna mtu aliitia mafuta kwa uaminifu, mwaka baada ya mwaka, na sioni dalili kwamba aliifyatua. Wenye bastola huwa wanazichezea. Huyu aliitunza kama kasisi anavyotunza sadaka.

Bei ya haki: dola mia tatu.

Sasa hadithi, maana najua inakuja. Kila bastola inayofika hapa iliwahi kumuua mwizi wa farasi. Wangekufa wote hao, nchi hii isingebaki na mtu wa kupanda farasi. Kwa hiyo mimi nathamini chuma. Ila ikiwa yupo mtoto wa nyumba aliyeisikia hadithi kutoka kinywani mwa mwenye bastola, na akaiandikia hati ya kiapo yenye muhuri, wanunuzi wapo wanaolipia. Hadithi nzuri, moja, yenye kiapo: dola elfu.

Mnajua herufi K ni ya nani? Haskett haianzi na K.

F. Anselm


Tacoma, Washington
12 Machi 1974

Bwana Anselm,

Hunijui. Mimi ni ndugu yake Verla Haskett, aliyekuletea bastola ya baba yetu Orrin. Jamaa mmoja hapa kwenye mgomo anakusanya silaha kuukuu, ameniambia hadithi yenye kiapo inapandisha bei. Hati yangu imo humu, imegongwa muhuri. Tafadhali dada yangu asijue.

Kwa kifupi ni hivi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, tunarekebisha uzio wa kaskazini. Nilikuwa sijamwambia mtu kwamba nataka kuondoka. Baba akaweka nyundo chini, akatoa bastola kwenye kitambaa chake, akaanza kusema, jambo ambalo peke yake lilinitisha. Akasema ilikuwa ya Kermit, mjomba wake. Kermit aliondoka nyumbani na bastola hii kiunoni, akaifuata reli kwa miguu mpaka Bahari ya Pasifiki. Hakuifyatua hata mara moja. Alipofika akaifunga kwenye kitambaa chenye herufi yake, akairudisha nyumbani kwa posta, wajue kwamba amefika na kwamba huko haihitajiki. Halafu baba akaokota nyundo akasema, "Kuondoka si dhambi." Basi. Tukamaliza uzio.

Nataka bei ipande kwa sababu nitaichagua bastola mimi, na nusu ya bei iende kwa dada. Aliacha chuo mama alipougua, akabaki, na miaka hii ya mwisho alikuwa anamgeuza mzee kitandani kama chapati. Ukimpa zawadi atakurudishia na stempu juu. Ukimpa haki yake hana pa kuirudisha. Pesa nitakopa.

Lyle Haskett


Dunmore, Nebraska
15 Machi 1974

Bw. Anselm,

Hadithi ninayo, na hati ya kiapo hii hapa. Mama wa benki aliyegonga muhuri aliisoma mara mbili akaniuliza kama inaendelea.

Ilikuwa usiku wa kuamkia safari yangu ya kwenda chuo cha ualimu. Baba alikuja jikoni na kitambaa mkononi, akaketi. Akasema bastola ilikuwa ya Kezia, shangazi yake, aliyefundisha kwenye shule ya udongo kabla ya nchi hii kuwa na barabara. Siku moja akaingia baba wa mtoto mmoja, amelewa, anataka kumtoa mwanawe darasani kwa nguvu akavune. Kezia akatoa bastola kwenye droo, akailaza juu ya meza, hakuigusa tena wala hakuitazama. Akamuuliza yule bwana, "Tisa mara saba?" Hakujua. "Basi keti." Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti kidevuni, mpaka kengele ikalia. K ni ya Kezia. Baba alisimulia mpaka kahawa ikapoa. Sikumsikia tena akizungumza kiasi hicho, na nilikaa naye miaka mingi nikisubiri.

Naomba ndugu yangu asijue kuhusu hati hii. Wamegoma kule kwao, na anasema hana shida. Lyle akisema hana shida ujue anakula mkate mkavu. Bei ikiwa elfu, atachagua pesa. Bastola nitabaki nayo mimi. Sihitaji kingine cha baba.

Verla Haskett


Grand Island, Nebraska
27 Machi 1974

Bi. Haskett na Bw. Haskett,

Nakala moja kwa kila mmoja. Kila mmoja wenu aliniomba mwenzake asijue, na ningetii, maana kunyamaza hakunigharimu kitu. Ila sasa nina hati mbili za kiapo, zenye mihuri ya majimbo mawili, juu ya bastola moja. Nimeziambatisha. Someni wenyewe.

K ni Kezia. K ni Kermit. Ilikaa kwenye droo ya darasa, na ilikwenda mpaka bahari ikarudi kwa posta. Na shahidi wa yote haya ni Orrin Haskett, mtu mmoja, mdomo mmoja.

Hesabu yangu ni hii. Bila hadithi: mia tatu. Kwa hadithi moja: elfu. Kwa hadithi mbili: mia mbili na hamsini. Nitakayemwonyesha bastola nalazimika kumwonyesha na viapo, na mnunuzi akishacheka mkono wake hautoki tena mfukoni. Miaka yangu yote ya kazi sijaona warithi walioshusha bei kwa kupendana.

Ningeweza kumshauri mmoja wenu afute kiapo chake. Sikushauri wewe wala yeye. Mimi nathamini chuma.

Bastola inarudi kwa Bi. Haskett. Ada yangu ni dola kumi na tano.

F. Anselm


Tacoma
2 Aprili 1974

Verla,

Kezia ni nani?

Lyle


Dunmore
8 Aprili 1974

Lyle,

Kermit ni nani?

Nimefungua Biblia ya ukoo, ukurasa wa majina. Kermit hayumo. Kabla hujafurahi, Kezia naye hayumo. Lakini bibi alikuwa anaruka majina ya aliogombana nao, kwa hiyo Biblia si ushahidi.

Wewe ulikaa naye kwenye uzio asubuhi moja ukaondoka. Mimi nilimlisha uji. Nilimkata kucha. Alipoacha kusema kabisa nilikuwa najua anataka dirisha lifunguliwe kwa jinsi alivyopumua. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo angemdanganya nani kati yetu? Mimi sijui kwa nini alikutungia hadithi. Labda alitaka tu ushikilie nguzo wima.

Hapa kumepata kijani kidogo. Mbwa amekufa. Nimeuza ndama.

Nakata. Bei ni dola mia mbili na hamsini, kama alivyosema Anselm. Sahani sijaigeuza. Chagua.

Verla


Tacoma
15 Aprili 1974

Dada,

Nachagua bastola. Hundi ya dola mia moja ishirini na tano imo ndani ya barua hii. Usiirudishe, si zawadi, ni pai.

Pole kwa mbwa.

Nimeisoma ile hati yako mara nyingi, ya tisa mara saba. Ni nzuri kuliko yangu. Kama ningekuwa mthamini ningeilipia. Lakini hakunidanganya, Verla. Nilikuwa nimesimama pale na misumari mdomoni. Nilikuwa nimefungasha begi nimelificha chini ya majani makavu ghalani, na ningelifungua usiku ule ule nirudishe shati kabatini, kama asingesema. Kama Kermit hakuwako, ni nani aliyeniruhusu kuondoka?

Itume. Nataka niishike tu.

Mgomo umekwisha. Tumepata senti kumi na moja kwa saa. Mvua bado.

Lyle


Dunmore, Nebraska
24 Aprili 1974

Mdogo wangu Lyle,

Hundi yako hii hapa inarudi, na kabla hujakasirika soma mpaka chini.

Jumatatu niliifunga bastola kwenye kitambaa chake nikaenda nayo kwenye duka la ushirika, pale penye dirisha la posta. Nikaiweka kwenye kaunta nitafute boksi la kuitosha. Mzee Kovarik wa ng'ambo ya kijito alikuwa nyuma yangu na ndoo ya misumari. Unamkumbuka, masikio makubwa, alibeba jeneza upande wa kushoto. Akasogeza uso mpaka karibu anuse.

"Ee, Verla. Hicho kitambaa umekitoa wapi?"

"Cha baba."

"Cha baba yako wapi! Hicho cha mama yangu. Alikuwa anatia K kila kitu, mpaka kwenye chupi zetu. Shuleni walikuwa wanatusoma."

Nikasema labda kuna K nyingi duniani. Akasema K zipo, lakini yenye mkia uliopinda hivyo ni ya mama yake, alikuwa na kidole kibovu. Halafu akaishika kwa nje, akaipima uzito.

"Haa! Orrin ameirudisha bastola."

"Mzee, Orrin amefariki. Ulimbeba."

"Najua nilimbeba, bado bega linauma. Nasema imerudi. Aliiazima kwangu mwaka hamsini na moja. Kulikuwa na kicheche chini ya banda lenu la kuku, nyumba nzima inanuka mpaka kanisani mnaachiwa benchi zima. Akasema ataileta Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Hatukuitaja."

"Miaka yote hiyo, mbona hukuidai?"

Akanitazama kama mimi ndiye mzee. "Ningeidai kwa uso gani, binti, na ngazi yake ninayo?"

Msichana wa dirishani akauliza kama bado nataka stempu. Nikasema hapana. Nikampa mzee Kovarik bastola yake. Alishukuru, akaitupia kwenye pikapu juu ya waya wa uzio, akaenda zake.

Nimekaa nayo siku mbili hii habari kabla ya kukuandikia. Nilidhani nitasikia kitu. Nimefua mapazia.

"Hiyo si ya kuuza." Wewe na mimi tulisikia moyo wake, kumbe alikuwa anamtaja Kovarik. Kinanda kiliuzwa kwa sababu kilikuwa chetu. Na mama lazima alijua, kwa sababu kicheche alimnukia na yeye. Wote wawili walisimama pale wakanyamaza, kwa sababu hawakuulizwa. Na yale mafuta ya kila Machi, aliyoyasifia Anselm, yalikuwa ni ya mtu anayejiandaa kuirudisha Jumapili.

Hakuna Kezia. Alikuwa na bastola ya jirani na kitambaa chenye K, na watoto wawili wanaotaka kuondoka, akatengeneza kutoka humo. Siku ya mazishi sikulia, uliniona. Jana nilikuwa namenya viazi nikamlilia Kezia, nikajishangaa, mwanamke ambaye hajawahi kuwako. Nililia mpaka viazi vikawa vyeusi.

Umeuliza ni nani aliyekuruhusu. Kermit hakuwepo pale kwenye uzio. Aliyeweka nyundo chini ni baba. Mimi nadhani umepata jibu, na nadhani na mimi nimepata langu, ingawa langu lilinipeleka mwaka mmoja tu.

Bei basi ni sifuri, na nimeigawanya sawasawa. Ada ya Anselm nimeilipa. Nusu yako ni dola saba na senti hamsini, hiyo utanitumia, sisamehi. Alinijibu kwa mstari mmoja, kwamba hati zote mbili amezihifadhi na haziuzi.

Ngazi imeletwa leo asubuhi. Ni ya futi kumi na sita, vipago viwili vimevunjika. Nilipokuwa namsaidia mzee Kovarik kuishusha nilimuuliza kama basi baba alifanikiwa kumuua yule kicheche.

Akasema hapana, alihama mwenyewe.

Verla